Kujiandaa kwa Dharura za Kiafya Milimani: Mwongozo kwa Mpanda Mlima na Mwindaji

MADA: HUDUMA YA KWANZA NA USALAMA (Somo la nyongeza)

Baada ya kusoma sehemu hii, mwanafunzi uweze:
(a) kueleza kwa nini jeraha dogo linaweza kuwa hatari kubwa mlimani;
(b) kutaja maandalizi matano ya lazima kabla ya safari;
(c) kueleza huduma ya kwanza kwa majeruhi wa damu, mfupa, nyoka, baridi na radi;
(d) kukokotoa joto la kileleni, umbali wa radi na muda wa kumshusha majeruhi;
(e) kutofautisha huduma sahihi na imani potofu.

1. Utangulizi

Mkazi wa Mlandege, katika Manispaa ya Iringa, akiugua ghafla usiku, ndugu zake huita bajaji au teksi, na baada ya muda mfupi mgonjwa yuko mbele ya daktari. Mtu huyohuyo akivunjika mguu ndani ya msitu wa Udzungwa au kwenye mteremko wa Mlima Rungwe, hakuna bajaji itakayomfikia. Atasubiri, au atabebwa. Ugonjwa ni uleule na mwili ni uleule. Kilichobadilika ni muda wa kufika hospitali.

Hilo ndilo wazo kuu la somo hili. Dharura ya mlimani hutofautiana na ya mjini kwa mambo matatu: umbali, hali ya hewa na uchache wa vifaa. Kwa hiyo huduma ya kwanza mlimani huanza nyumbani, siku kadhaa kabla ya safari, wakati kila mtu bado ni mzima.

Nyanda za Juu Kusini zina milima mingi inayopandwa na wanafunzi, watalii, wafugaji nyuki, waokota kuni na wawindaji. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,990, na kilele chake cha Luhombero kina meta 2,576. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 na maarufu kwa jina la Bustani ya Mungu, iko kwenye uwanda wa juu wenye takriban meta 2,600. Mlima Rungwe, karibu na Tukuyu, hukaribia meta 3,000. Yote ni milima ya kupendeza, na yote ina sehemu ambazo simu haishiki.

2. Maandalizi matano kabla ya safari

2.1 Wafahamu watu unaosafiri nao

Kiongozi wa msafara awe na orodha ya kila mtu: jina, umri, namba ya simu ya mzazi au ndugu, ugonjwa alionao, dawa anazotumia na vitu vinavyomletea mzio. Siri hii ya mgonjwa itunzwe na kiongozi pamoja na msaidizi wake tu. Magonjwa yafuatayo yahitaji uangalizi wa pekee:

(i) Pumu. Hewa baridi na mwendo mkali huweza kubana njia za hewa. Mgonjwa abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni mwake, wala si ndani ya begi lililo mgongoni mwa mwenzake.
(ii) Kisukari. Kutembea kwa saa nyingi hushusha sukari ya damu. Mgonjwa abebe sukari, glukosi au soda, na ale kwa wakati.
(iii) Selimundu. Baridi, upungufu wa maji na uchache wa oksijeni husababisha chembe nyekundu za damu kujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Maumivu makali hufuata. Mwenye selimundu apate ushauri wa daktari kabla ya kupanda mlima wowote mrefu.
(iv) Kifafa. Mgonjwa asiruke dozi, asikose usingizi, na asipite peke yake kwenye kingo za maporomoko.

Mwanafunzi anayeficha ugonjwa kwa kuogopa kuachwa nyuma huhatarisha maisha yake na huwatwisha wenzake mzigo wasiojiandaa kuubeba. Kiongozi naye ana wajibu wa kuuliza bila kumwaibisha mtu.

2.2 Ifahamu njia na majira

Nyanda za Juu Kusini hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Wakati huo njia huteleza, mito hufurika na radi hupiga mara kwa mara. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kukavu lakini baridi ni kali. Kitulo hupata hata sakitu asubuhi. Kila msimu una hatari yake, na vifaa vya Desemba si vile vya Julai.

Uliza mambo haya kabla ya kuondoka: Maji salama yako wapi? Simu inashika sehemu zipi? Gari linaweza kufika hadi wapi? Zahanati au kituo cha afya cha karibu kiko kijiji gani, na hospitali yenye chumba cha upasuaji iko wapi? Katika hifadhi za taifa na misitu ya hifadhi, pata kibali na mwongoza njia. Mwongoza njia ndiye ajuaye njia fupi ya kutokea msituni.

2.3 Acha taarifa nyumbani

Andika kwenye karatasi: mnakwenda wapi, kwa njia ipi, mko wangapi, mtarudi saa ngapi, na saa ambayo msiporudi msaada utafutwe. Mwachie karatasi hiyo mtu mmoja anayeaminika, na nakala moja muikabidhi ofisi ya kijiji au lango la hifadhi. Msafara usio na mtu anayeusubiri huanza kutafutwa kesho yake au keshokutwa.

2.4 Fungasha vifaa vinavyofaa

Sanduku la huduma ya kwanza la watu kumi liwe na: glovu, bendeji pana na nyembamba, shashi safi, plasta, mkasi, pini, sabuni, dawa ya kusafishia vidonda, vidonge vya kutuliza maumivu, pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji (ORS), kalamu na daftari. Pamoja na sanduku hilo, beba:

- vitenge au khanga mbili, ambazo hufaa kuning'iniza mkono, kufunga banzi, kufunika mgonjwa na kutengenezea machela;
- tochi yenye betri za akiba, moja kwa kila watu wawili;
- filimbi;
- turubai dogo na kamba;
- sweta na koti la mvua kwa kila mtu, hata kama jua linawaka;
- maji yasiyopungua lita tatu kwa kila mtu kwa siku, au dawa ya kusafishia maji;
- simu iliyojaa chaji, izimwe na kuwekwa karibu na mwili, kwa sababu baridi hupunguza nguvu ya betri.

Viatu viwe vimefunika kifundo cha mguu. Ndala na kandambili ziachwe nyumbani.

2.5 Jifunze ujuzi na gawaneni majukumu

Sanduku lisilo na mtu anayejua kulitumia ni mzigo tu. Angalau watu wawili katika kundi wawe wamefanya mazoezi ya kuzuia damu, kufunga banzi, kumlaza mgonjwa ubavu na kubonyeza kifua. Wawe wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa ndiye majeruhi. Kabla ya kuondoka, mjulikane nani kiongozi, nani mtoa huduma, nani mtunza muda na nani atakayekwenda kutafuta msaada.

3. Hatua za kufuata ajali inapotokea

Hatua ya kwanza: Simama, tazama. Je, mawe bado yanaporomoka? Nyuki bado wapo? Nyoka bado yuko? Mwokoaji anayejeruhiwa huongeza idadi ya majeruhi.

Hatua ya pili: Mchunguze majeruhi kwa mpangilio. Anza na damu inayotoka kwa wingi, kisha njia ya hewa, upumuaji, na fahamu. Mkunjo wa kidole usikufanye usahau pumzi.

Hatua ya tatu: Toa huduma ya kwanza.

Hatua ya nne: Mkinge na baridi. Mlaze juu ya majani makavu, mabegi au turubai, kisha mfunike. Ardhi hunyonya joto la mwili kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya tano: Omba msaada. Piga 112 kwa dharura, au 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Sema mahali mlipo, kilichotokea, idadi ya majeruhi, hali yao na namba yako. Simu isiposhika, watu wawili washuke na ujumbe ulioandikwa. Asitumwe mtu mmoja. Kwa filimbi au tochi, ishara ya hatari inayotambulika milimani duniani kote ni milio au mimuliko sita ndani ya dakika moja, kupumzika dakika moja, kisha kurudia. Jibu lake ni mitatu kwa dakika.

Hatua ya sita: Andika. Saa ya ajali, mapigo ya moyo, dawa aliyopewa na saa aliyopewa. Daktari atahitaji habari hizo.

4. Hatari kuu na huduma yake

4.1 Kutoka damu nyingi

Mtu mzima ana takriban lita tano za damu. Akipoteza lita mbili, maisha yake yamo hatarini sana. Mshipa mkubwa ukikatwa, hilo linaweza kutokea ndani ya dakika chache, hivyo huwezi kusubiri msaada.

Vaa glovu. Weka shashi au kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu bila kuachia kwa angalau dakika kumi. Damu ikilowanisha kitambaa, ongeza kingine juu yake. Usibandue cha kwanza, kwa kuwa utabandua na damu iliyokwisha kuganda. Kitu kilichochomekwa mwilini, kama kijiti au mshale, kisichomolewe. Kizungushie bendeji kisitikisike.

Ikiwa damu ya mkono au mguu inaruka na haikomi kwa kukandamiza, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kati ya jeraha na kiwiliwili, kikaze kwa kijiti mpaka damu ikome, na uandike saa ya kufunga. Hii ni hatua ya mwisho, kwa sababu kiungo kisichopata damu kwa muda mrefu hufa.

4.2 Kuvunjika mfupa na kuteguka

Usijaribu kuunyoosha mfupa. Utegemeze ulivyo kwa banzi la fimbo au vipande vya mbao vilivyozungushiwa nguo. Banzi livuke kiungo cha juu na cha chini ya mahali palipovunjika. Baada ya kufunga, bonyeza ukucha wa mgonjwa. Rangi isiporudi mapema, au vidole vikipoa na kufa ganzi, legeza. Aliyeanguka kutoka juu na kulalamika maumivu ya shingo au mgongo asiinuliwe ovyo. Kichwa, shingo na mgongo visogezwe pamoja kama gogo moja.

4.3 Kuumwa na nyoka

Misitu na mapori ya Tanzania yana nyoka wenye sumu wakiwemo kifutu, koboko na swila. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Wengi wao ni wakulima, wafugaji na watoto walioko mbali na hospitali.

Sumu husambaa zaidi misuli inapofanya kazi. Kwa hiyo mgonjwa atulizwe, alale, na kiungo kilichoumwa kisitikiswe, kama unavyofanya kwa mfupa uliovunjika. Mvue pete, bangili, saa na kiatu kabla uvimbe haujaanza. Andika saa aliyoumwa. Mbebeni, asitembee iwapo kuna watu wa kumbeba. Dawa ya kuzuia sumu hutolewa hospitalini.

Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, na usitegemee jiwe jeusi. Jiwe hilo halinyonyi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Wanaodai liliwaponya huenda waliumwa na nyoka asiye na sumu, au na mwenye sumu ambaye hakuitoa. Hasara kubwa ya jiwe ni saa zinazopotea.

Swila akitema sumu machoni, osha macho kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20 bila kufikicha, kisha nenda hospitali.

4.4 Kung'atwa na mnyama

Nyani, mbweha, mbwa na wanyama wengine wanaonyonyesha wanaweza kuambukiza kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu daima huua. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe kupata chanjo hata kama jeraha ni mkwaruzo.

4.5 Baridi na mwili kupoteza joto

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 za Sentigredi. Likishuka chini ya 35, viungo muhimu huanza kushindwa kazi. Watu wengi hudhani hatari hii ni ya nchi za theluji. La hasha. Mvua, upepo na uchovu vinatosha, maana nguo iliyolowa hupoteza joto la mwili kwa kasi kubwa kuliko nguo kavu.

Kadiri unavyopanda, joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 0.65 kwa kila meta 100.

Mfano wa 1: Mlandege iko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,500. Ikiwa joto hapo ni nyuzi 22, litakuwa kiasi gani kwenye mwinuko wa meta 2,900?
Tofauti ya mwinuko = 2,900 – 1,500 = meta 1,400
Upungufu wa joto = (1,400 ÷ 100) × 0.65 = nyuzi 9.1
Joto la juu = 22 – 9.1 = nyuzi 12.9
Hizo ni nyuzi za mchana pasipo upepo wala mvua. Usiku hushuka zaidi.

Dalili: kutetemeka, kujikwaa, kusema kwa kukokota, kuchanganyikiwa. Mgonjwa akiacha kutetemeka huku bado amepoa, usifurahi. Mwili umeishiwa nguvu za kujipasha joto. Mwondoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mvishe kavu, mfunike hadi kichwani, na kama ana fahamu kamili mpe chai ya sukari. Usimsugue wala usimlaze karibu sana na moto.

ZINGATIA: Ulanzi na pombe nyingine haziongezi joto. Hutanua mishipa ya ngozi, mtu akajihisi ana joto huku joto la ndani likitoroka. Vilevile usiingize jiko la mkaa ndani ya hema au kibanda kilichofungwa. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watu hulala na hawaamki.

4.6 Upungufu wa maji na kuharisha

Kiu ikija, mwili umekwisha kupungukiwa maji. Kunywa kidogokidogo njia nzima. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni onyo. Pakiti za ORS zikikosekana, changanya lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi isizidi.

4.7 Radi

Mwanga wa radi hufika papo hapo, lakini sauti husafiri takriban meta 340 kwa sekunde, yaani kama sekunde tatu kwa kila kilometa.

Mfano wa 2: Umeona mwanga, na ngurumo imesikika baada ya sekunde 9. Radi iko umbali gani?
Umbali = 340 × 9 = meta 3,060, yaani kilometa 3 hivi.

Ikiwa muda huo ni chini ya sekunde 30, radi iko karibu. Shukeni kutoka kileleni na mgongoni mwa mlima, kaeni mbali na mti uliosimama peke yake, tawanyikeni msikae kikundi, na subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse na umsaidie mara moja. Asipopumua, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa kina cha sentimeta 5 hivi, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha mpulizie pumzi mbili, na uendelee hivyo.

4.8 Ugonjwa wa mwinuko

Ugonjwa huu unaweza kuanza kwenye mwinuko wa takriban meta 2,500 na kuendelea. Katika milima yetu ya kusini hautokei sana. Lakini kwenye Mlima Kilimanjaro, wenye meta 5,895, ni hatari kubwa, kwa kuwa kileleni kila pumzi huingiza takriban nusu ya oksijeni inayopatikana pwani. Dalili ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Mtu akiyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akikohoa na kuhema hata akiwa amekaa, ubongo au mapafu yake yanajaa maji. Tiba ya kwanza ni kumshusha mara moja, hata kama ni usiku na hata kama kilele kinaonekana.

5. Dharura za wawindaji

Uwindaji Tanzania husimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na huhitaji leseni. Ndani ya hifadhi za taifa hauruhusiwi. Sheria hiyo inahusu pia afya, kwa sababu mwindaji mwenye leseni huacha jina na eneo lake kwa maofisa. Asiporudi, watajua pa kuanzia kumtafuta. Asiye na leseni huingia porini kimyakimya. Akijeruhiwa na nyati au akinaswa na mtego, wenzake huogopa kupiga simu, humficha nyumbani, na hufika hospitali kidonda kimeoza. Wengi hupoteza mguu ambao ungepona. Mganga humtibu majeruhi. Kwake swali la mahali alipojeruhiwa ni la kutafuta tiba sahihi, hivyo aambiwe ukweli.

Wawindaji wenye leseni wafuate kanuni hizi: bunduki isibebwe ikiwa na risasi tayari kufyatuka wakati wa kupanda au kuvuka mto, kila mmoja ajue mwenzake yuko upande gani kabla ya kufyatua, nguo ziwe na rangi inayoonekana, na mnyama aliyejeruhiwa asifuatwe na mtu mmoja. Jeraha la risasi likandamizwe, na utafutwe pia mlango wa kutokea risasi, kwani mara nyingi nyuma ndiko kubaya zaidi. Mtu mmoja ampeleke majeruhi hospitali, na mwingine atoe taarifa polisi kwa ajili ya fomu PF3, ili mambo hayo mawili yaende kwa wakati mmoja.

Mtembea kwa miguu naye ajihadhari na mitego ya nyaya iliyotegwa kwenye vichochoro vya wanyama. Abaki kwenye njia rasmi.

6. Kupanga muda wa kumshusha majeruhi

Chukulia kwamba klabu ya jiografia ya shule moja iliyopo Mlandege inapanda mlima. Kupanda huchukua saa 5 na kushuka saa 3. Kumbeba mtu kwa machela huchukua muda mara tatu ya kushuka kwa kawaida, kwa sababu wabebaji sita hadi wanane hupokezana na kupumzika.

Mfano wa 3: Wanaanza saa 1 asubuhi. Mmoja akivunjika mguu mara tu wafikapo kileleni, watafika chini saa ngapi?
Kufika kileleni: saa 1 asubuhi + saa 5 = saa 6 mchana
Muda wa kumbeba: 3 × 3 = saa 9
Kufika chini: saa 6 mchana + saa 9 = saa 3 usiku

Sasa chukulia walichelewa gari na kuanza saa 4 asubuhi. Watafika kileleni saa 9 alasiri, na majeruhi atafika chini saa 6 usiku, baada ya kubebwa gizani kwa takriban saa tano na nusu. Kuchelewa kwa saa tatu asubuhi kumehamisha sehemu kubwa ya uokoaji kwenda usiku.

Ndiyo maana kila msafara uwe na saa ya kugeuka. Ikifika, watu hugeuka hata kama kilele kiko hatua mia moja mbele. Mlima hauhami, utakuwepo mwaka ujao.

7. Imani potofu na ukweli

Imani: Pombe huongeza joto. Ukweli: Hutoa joto nje ya mwili.
Imani: Sumu ya nyoka hunyonywa kwa mdomo. Ukweli: Haitoki, na kidonda huambukizwa.
Imani: Mwenye kifafa awekewe kijiko mdomoni. Ukweli: Huvunja meno na kuziba hewa. Ondoa vitu vya hatari karibu naye, mlinde kichwa, na degedege likiisha mlaze ubavu.
Imani: Aliyezirai amwagiwe maji na kunyweshwa. Ukweli: Asiye na fahamu asipewe chochote mdomoni. Alazwe ubavu ili matapishi yasimkabe.
Imani: Nyama mbichi au kinyesi cha ng'ombe hukausha kidonda. Ukweli: Huingiza vijidudu, wakiwemo wa pepopunda.

8. Muhtasari

Mlimani, muda wa kufika hospitali ndio unaoamua mengi. Maandalizi matano ni kuwafahamu watu, kuifahamu njia, kuacha taarifa, kufungasha vifaa na kujifunza ujuzi. Ajali ikitokea, usalama wa mwokoaji hutangulia, kisha damu, hewa, pumzi na fahamu. Mkinge majeruhi na baridi, omba msaada, andika saa. Anza safari mapema na uheshimu saa ya kugeuka.

9. Maswali ya kujipima

1. Taja mambo matatu yanayotofautisha dharura ya mlimani na ya mjini.
2. Kwa nini mwenye selimundu awe na tahadhari milimani? Toa sababu mbili.
3. Joto la mji ulio kwenye meta 1,500 ni nyuzi 20. Kokotoa joto la uwanda ulio kwenye meta 2,600.
4. Ngurumo imesikika sekunde 6 baada ya mwanga. (a) Radi iko umbali gani? (b) Kundi lililo kileleni lifanye nini?
5. Mwenzako ameumwa na kifutu mguuni, saa mbili kwa miguu kutoka barabarani. Mzee mmoja wa kijijini analeta jiwe jeusi. Eleza utakachofanya, na jinsi utakavyomjibu mzee huyo kwa heshima.
6. Kupanda huchukua saa 4 na kushuka saa 2. Kumbeba majeruhi huchukua muda mara tatu ya kushuka. Ikiwa majeruhi lazima awe chini ifikapo saa 12 jioni, kundi liondoke kileleni saa ngapi, na lianze kupanda kabla ya saa ngapi?

Majibu

1. Umbali, hali ya hewa, uchache wa vifaa.
2. Baridi, upungufu wa maji na uchache wa oksijeni (taja zozote mbili) husababisha chembe za damu kujikunja na kuziba mishipa.
3. Tofauti ni meta 1,100. 11 × 0.65 = 7.15, 20 – 7.15 = nyuzi 12.85.
4. (a) 340 × 6 = meta 2,040, yaani kilometa 2 hivi. (b) Lishuke kileleni, liepuke mti uliosimama peke yake, litawanyike, na lisubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.
5. Mtulize, mvue vitu vinavyobana, kiungo kisitikisike, andika saa, mbebeni hadi kwenye gari na hospitali, huku mmoja akipiga simu. Mshukuru mzee kwa moyo wake, mweleze kwamba dawa ya sumu iko hospitalini, na umwombe msaada mkubwa zaidi: vijana wa kubeba machela na mtu anayejua njia ya mkato. Jibu linalomdharau mzee si jibu zuri, kwa sababu ndiye anayeijua milima hiyo.
6. Kumbeba = 2 × 3 = saa 6. Saa 12 jioni – saa 6 = waondoke kileleni si zaidi ya saa 6 mchana. Saa 6 mchana – saa 4 = waanze kupanda kabla ya saa 2 asubuhi.